Mpe Mhariri Uso wa Anayesikiliza

Karibu kila aliyeitazama Titanic ya mwaka 1997 analikumbuka lile busu la kwenye ncha ya meli. Jack amemshika Rose kiunoni, mikono imetandazwa, jua linazama. Wachache wanakumbuka kinachofuata mara tu baada ya busu, na hicho ndicho kilichotuumiza. Picha haikatwi. Inayeyuka polepole. Wapenzi wanafifia wakiwa bado wamekumbatiana, na palepale waliposimama inajitokeza ncha ya meli ileile ikiwa chini ya bahari, imeliwa na kutu, gizani. Tunamsikia Rose aliyekwishazeeka akisema kwamba hiyo ndiyo mara ya mwisho Titanic kuuona mwanga wa mchana. Kwa sekunde chache tunaona vyote viwili kwa pamoja, penzi na kaburi lake. Hakuna mhusika aliyesimama kututangazia kwamba hawa hawatadumu. Tumejulishwa na namna picha moja ilivyoipokea nyingine.

Tukizungumzia filamu za mapenzi huwa tunawasifu waigizaji: wameendana, wamependeza, fulani analia kweli. Tukimaliza hapo tunausifu wimbo. Mhariri hatajwi, ilhali yeye ndiye anayeamua jambo zito kuliko yote katika hadithi ya aina hii, nalo ni muda. Sehemu kubwa ya mapenzi ni kusubiri. Nani anasubirishwa, kwa muda gani, kipi kinaonyeshwa mpaka mwisho na kipi kinarukwa: haya hayamo mikononi mwa mwigizaji. Anaweza kutoa machozi ya kweli mbele ya kamera, na machozi hayo yakapotea bure kwa sababu picha imekatwa kabla hayajatufikia. Naamini filamu zetu za mapenzi, ambazo hazijapungukiwa vipaji wala visa vya kuliza watu, zinaumia hapo kuliko mahali pengine popote.

Walter Murch, aliyeihariri The English Patient ya mwaka 1996 na kupata Oscar kwa kazi hiyo, aliwahi kuandika vigezo sita vya kuamua wapi pa kukata, akavipa uzito kwa asilimia. Hisia aliipa 51. Hadithi 23, mdundo 10, na vitatu vilivyobaki, vinavyohusu jicho la mtazamaji na mpangilio wa watu na vitu kwenye picha, vinagawana 16. Si hesabu ya maabara, ni msimamo wa fundi aliyekaa na kazi hiyo kwa miaka mingi, lakini namba hiyo ya kwanza imewekwa makusudi: hisia peke yake inazidi vingine vyote vikijumlishwa. Kwa maneno mengine, kama mkato unaufikisha moyo wa mtazamaji mahali pake lakini kikombe kimehama kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, acha kikombe kihame.

Nataka nikae kwa kirefu kwenye filamu moja, kwa sababu sijaona nyingine inayofundisha jambo hili waziwazi kama hiyo. In the Mood for Love ya Wong Kar-wai ilitoka mwaka 2000, na kisa chake kinaanzia Hong Kong ya mwaka 1962. Bwana Chow ni mwandishi wa gazeti. Bibi Chan ni katibu muhtasi kwenye kampuni ya meli. Wanahamia siku moja kwenye vyumba vya kupanga vilivyopakana, kila mmoja na mwenzi wake. Kidogo kidogo wanagundua kwamba mume wa huyu na mke wa yule wana uhusiano. Waliosalitiwa wanaanza kukutana, wakiambizana kwamba wao hawatafanya kama wale. Ukimsimulia mtu kisa hiki kwenye daladala unamaliza kabla ya kituo kinachofuata. Filamu inakichukulia saa moja na dakika 38, na hakuna dakika ya ziada.

Aliyeihariri ni William Chang, ambaye pia ndiye aliyesanifu mandhari na mavazi ya filamu hiyohiyo. Si jambo dogo, kwa sababu ndani ya filamu hii gauni ni chombo cha uhariri. Tazama zile safari za kununua tambi. Maggie Cheung, anayeigiza kama Bibi Chan, anashuka ngazi nyembamba, mkononi amebeba chombo cha chakula. Mwendo wa picha umepunguzwa, na violini inapiga muziki wa Shigeru Umebayashi, wimbo mmoja unaorudi na kurudi. Anapishana na Tony Leung, ndiye Bwana Chow. Bega linakaribia bega, halafu linapita. Mkato. Ngazi ni zilezile, muziki ni uleule, ila gauni limebadilika. Kumbe ni siku nyingine. Hakuna maandishi ya kutuambia kwamba wiki imepita. Tunahesabu kwa rangi za nguo. Na tukishahesabu mara tatu nne, sisi wenyewe tunaanza kuzingojea zile ngazi. Mhariri ametuzoesha kitu, na mazoea hayo ndiyo yaleyale yanayowashika wahusika wake wawili. Wamezoeana kabla hawajajua wamependana, nasi tumezoea pamoja nao.

Halafu kuna ule mkato wa hila. Bibi Chan ameketi kula na mwanamume ambaye tunamwona kwa nyuma tu. Anamuuliza kwa sauti ya kutetemeka kama ana mwanamke mwingine. Tunaamini yule ni mumewe, maana katika filamu nzima mume hatuonyeshwi uso. Picha inakatwa, tunaona upande wa pili wa meza: ni Bwana Chow. Walikuwa wanafanya mazoezi ya siku atakayombana mume wake. Kwa mkato mmoja maumivu tuliyokuwa tunayahisi yanahamia kwa mtu mwingine. Sekunde iliyopita tulimhurumia mke. Sasa tunamwogopea mwanamke aliyekaa mbele ya mtu anayeweza kumpenda, akimwita mume kwa kuigiza. Na anapolia, analia kweli, ingawa ni mazoezi. Laiti kamera ingemwonyesha Chow tangu mwanzo, tungebaki na watu wawili wanaopanga mikakati mezani. Mpangilio wa picha ndio uliotia moto.

Wong alipiga picha za tukio la wawili hawa wakiwa kitandani, kisha akaliondoa kwenye filamu. Huo nao ni uhariri, pengine ndio uhariri mkubwa kuliko wote. Wapo waigizaji na waongozaji wetu wanaolalamika kwamba maadili na bodi za filamu zinawabana wasiweze kuonyesha mapenzi yalivyo. Malalamiko hayo yana ukweli kwenye mambo mengine, lakini kwenye hisia hayasimami. Out of Sight ya mwaka 1998, ya Steven Soderbergh, ina tukio ambalo wahariri wanalirudia hadi leo: George Clooney na Jennifer Lopez wanazungumza kwenye baa ya hoteli mjini Detroit, theluji inaanguka nje ya dirisha, na maneno yao yanaendelea kusikika huku picha zikituonyesha chumbani, baadaye, wakivua makoti. Tunarudi baani, mkono juu ya mkono. Tunakwenda chumbani, mtazamo mmoja unaganda kidogo kwenye skrini, halafu unaachiwa. Anne V. Coates, aliyehariri, amechanganya tamaa na utimizwaji wake mpaka huwezi kuvitenganisha, na joto lote linatoka kwenye kwenda na kurudi. Mwili umeonyeshwa kwa uchache mno.

Watu wa pwani yetu walijifunza kuyeyusha muda kupitia filamu za Kihindi, muda mrefu kabla ya kusikia majina haya mengine. Vizazi vya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam vilikulia kwenye filamu ambazo wimbo mmoja unawatoa wapenzi sebuleni, ukawapeleka milimani kwenye theluji, ukawabadilisha nguo mara tano, ukawarudisha nyumbani, na hakuna mtu ukumbini aliyeuliza nauli ilitoka wapi. Tulielewa kwamba ule wimbo ni muda wa moyoni. Na tulielewa kwa nini neno la mapumziko lilikuja kwenye skrini pale tu jeraha lilipofunguka.

Mwisho wa Dilwale Dulhania Le Jayenge, ya mwaka 1995, unatosha kuwa somo la chuo. Kijana Raj yuko mlangoni mwa treni, amejaa damu usoni. Simran, mpenzi wake, ameshikwa mkono na baba yake, hamwachii. Treni inaanza kuondoka. Ukiweka saa mkononi utagundua kwamba treni ile inachukua muda usiowezekana kuumaliza uwanja: picha inakwenda kwa Raj, inarudi kwenye vidole vya baba, inakwenda kwa Simran anayeomba, inarudi kwa Raj, mkono umenyooshwa, magurudumu, na bado jukwaa halijaisha. Mhariri Keshav Naidu ameutanua muda kwa sababu swali la filamu nzima, tangu London hadi Punjab, ni kama mzee huyu ataachia. Vidole vinapofunguka, mbio za Simran zinakuwa zetu. Filamu hiyo imedumu kwenye ukumbi wa Maratha Mandir mjini Mumbai tangu mwaka ilipotoka, ukiacha vipindi vya kufungwa kama wakati wa korona, na sidhani kama watu hurudi kwa sababu wamesahau kama Simran aliiwahi treni. Wanarudi kuingojea mikono ile.

Sasa tuje nyumbani. Kila mtazamaji wa Bongo movie analijua tukio hili. Gari linakuja mbali barabarani. Linafika getini. Honi. Mlinzi anatoka, anachungulia, anafungua geti upande mmoja, kisha wa pili. Gari linaingia. Linazimwa. Mlango unafunguliwa, miguu inashuka, mlango unafungwa. Mwanamume anatembea hadi barazani, anabisha hodi, anakaribishwa, anaketi, anaulizwa atakunywa nini, juisi inaletwa kwenye trei. Ndipo anatamka: "Nimekuja kukwambia kwamba mimi na wewe basi." Mwanamke anasema, "Nini?" Na picha inakatwa hapohapo, tumeshafika ofisini, watu wengine, habari nyingine.

Dakika nzima kwa ajili ya geti, sekunde moja kwa ajili ya moyo uliovunjika. Hilo ndilo linaloniuma. Wengi wanasema filamu zetu ni za polepole mno, na dawa wanayoitoa ni kukata haraka. Sikubaliani nao. Upole si ugonjwa. In the Mood for Love ni ya polepole kuliko yoyote iliyowahi kutengenezwa Sinza. Ugonjwa ni kwamba tunasubirishwa mahali ambapo hakuna cha kusubiriwa, halafu tunakimbizwa palepale ambapo tungependa kubaki.

Chanzo chake kilikuwa cha soko. Miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 filamu nyingi ziliuzwa kwenye diski mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na kisa kimoja kilipaswa kujaza zote mbili. Geti lilijaza dakika. Soko la diski limekufa, sasa ni YouTube na tamthilia za kwenye ving'amuzi, lakini geti limebaki kwa mazoea. Nadhani kuna chanzo kingine pia, kinachotokana na jambo ninalolipenda. Wengi wetu tuliziona filamu za kigeni kwenye vibanda umiza, zikitafsiriwa na mafundi wa maneno kama Lufufu. Kipaji chao kilikuwa kikubwa, na kazi yao ilikuwa kujaza: mhusika akinyamaza, mtafsiri anasema anachofikiria. Tulipata burudani, ila tulizoea pia kuona ukimya kama pengo linalohitaji kuzibwa. Leo pengo hilo tunaliziba kwa kinanda cha huzuni kinachopigwa kuanzia mwanzo wa tukio hadi mwisho, kwa sauti inayoshindana na mazungumzo, na kwa vile vimoyo vyekundu vinavyofunguka katikati ya skrini kutoka kwenye programu ya kuhariria, vilevile vya kwenye video za harusi.

Vimoyo vinaweza kufutwa kesho. Tatizo kubwa halimo kwenye kompyuta ya mhariri, limo kwenye kile alicholetewa. Filamu inapigwa kwa siku chache, mara nyingi kwa kamera moja. Mwongozaji anampiga anayesema, anageuza kamera, anampiga yule mwingine anapojibu, wanahama. Mhariri akifungua faili anakuta midomo inayosema, basi. Hana uso wa mtu anayesikiliza. Akitaka kubaki kwa mwanamke baada ya neno "basi," hana cha kubaki nacho: kamera ilizimwa mwigizaji alipomaliza kusema "Nini?" Kwa hiyo anafanya kinachowezekana, anakata kwa anayesema, tena kwa anayesema, tena kwa anayesema, na tukio la kuachana linakuwa na mdundo wa mahojiano ya kituo cha polisi.

Na mapenzi hukaa kwa anayesikiliza. Mwongozaji Lev Kuleshov alilionyesha jambo hili huko Urusi zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa uso mmoja wa mwigizaji aliyetulia tu. Uliwekwa karibu na bakuli la supu, watu wakaona njaa. Uliwekwa karibu na jeneza la mtoto, wakaona majonzi. Uliwekwa karibu na mwanamke mrembo, wakaona tamaa. Uso haukubadilika. Mtazamaji ndiye aliyejaza, na alijaza kwa sababu alipewa nafasi. Before Sunrise ya mwaka 1995 ina tukio la kijana wa Kimarekani na msichana wa Kifaransa ndani ya kibanda kidogo cha kusikilizia santuri, Vienna. Wimbo unapiga. Yeye akimtazama, msichana anaangalia pembeni. Msichana akimtazama, yeye anakwepesha macho. Hawasemi neno. Richard Linklater na mhariri wake Sandra Adair hawakukata hata mara moja, kwa kuwa kukata kungetuchagulia nani wa kutazama, na utamu wote ni kuona macho ya wawili yakikosana ndani ya picha moja.

Ukimya mrefu peke yake hautoshi, hilo niliseme wazi. Tamthilia za Kituruki zinazotiwa sauti za Kiswahili kwenye runinga zetu zimetuzoesha kutazamana kwingine: uso wake, uso wa yule, uso wake tena, kinanda, upepo kwenye nywele, uso wa yule. Huko Uturuki kipindi kimoja cha wiki hufika saa mbili na zaidi, na macho hayo yanasaidia kuzijaza. Mara ya kwanza unashikwa. Ukifika kipindi cha 40 unajua kabisa kwamba baada ya nyuso sita atatokea mama mkwe. Kutazamana kunakobeba hisia kuna kitu kinachobadilika ndani yake, hata kama ni kidogo: mtu anaanza na tumaini anamaliza bila tumaini, au kinyume chake.

Mfano wa hilo ni mwisho wa The Graduate, ya mwaka 1967. Kijana amemtorosha bibi harusi kanisani, wamerukia basi, wamekaa kiti cha nyuma wakicheka. Filamu nyingine ingekata kwenye kicheko na kuleta majina. Mike Nichols aliiacha kamera iendelee, na mhariri Sam O'Steen akaiacha picha iendelee. Kicheko kinapungua. Kijana anatazama mbele. Msichana anamwangalia, halafu naye anatazama mbele. Ile furaha inaanza kufanana na swali: sasa tunakwenda wapi? Sekunde zilizoongezwa pale zimegeuza maana ya filamu nzima, na hazikugharimu kitu zaidi ya mkanda kidogo na ujasiri.

Kuruka muda nako kuna namna yake. Kwetu njia ya kawaida ni skrini nyeusi na maneno "Baada ya miaka miwili". Yanaarifu, hayaumizi. Notting Hill ya mwaka 1999 ilimtembeza Hugh Grant kwenye soko la Portobello Road baada ya kuachwa, matembezi ya mfululizo bila mkato unaoonekana, na hali ya hewa ikabadilika juu yake: vuli, theluji, masika. Mwanzoni anampita mwanamke mjamzito. Mwishoni mwanamke yuleyule amebeba mtoto. Dunia imezaa, yeye bado anatembea. Mtu anaweza kulifanya hili Kariakoo au Marikiti bila bajeti ya Hollywood. Msimu wa maembe ukaisha mezani kwa muuzaji, yakaja machungwa, mhusika akipita palepale.

Dalili nzuri zipo. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, inawaacha Yasmin na Denge waonane bila kuharakishwa na maneno, na Unguja ya miaka ya 1950 inapata muda wa kupumua kati yao. Ilitazamwa kama filamu ya siasa, na ni kweli ni ya siasa, ila siasa ile inauma kwa sababu tumepewa nafasi ya kuwapenda watu wawili kwanza.

Kwa hiyo ombi langu linawaendea waongozaji na watayarishaji kabla halijafika kwa mhariri. Mwigizaji akimaliza sentensi ya mwisho, msiseme "kata". Hesabuni kumi kimoyomoyo. Geuzeni kamera kwa asiyesema na mrudie tukio zima mkiwa kwake tu, tangu hodi hadi kimya. Geti piga mara moja, au usilipige kabisa. Mhariri alipwe kama fundi, apewe wiki kadhaa badala ya siku tatu, na aruhusiwe kumwambia mtayarishaji kwamba tukio la kuachana linahitaji sekunde 20 zisizo na neno wala kinanda. Na mtayarishaji atakaposema watazamaji watachoka, amuulize ni mara ngapi amemwona mtu akichoka kutazama uso wa mtu aliyetoka kuachwa.